Kigoma Mjini, tuna swali bora kuliko "ulikuwa chama gani"

Mwaka 2025 kampeni za ubunge Kigoma Mjini zilipigwa kwa video za zamani. Unafika kijiweni Ujiji, kahawa haijapoa, kijana ameshakusogezea simu usoni: "Kaka, hebu msikilize. Hao anaowaombea kura leo ndio aliokuwa anawasema hivi." Hujamaliza kikombe cha pili, anatokea wa upande mwingine na video yake. Wanazomeana, wanacheka, wanaongeza kashata. Habari ya maji au ya barabara haijaguswa.

Tatizo ni kwamba wote wawili wana ya kuonyesha. Clayton Chipando, Baba Levo, aliyegombea ubunge kwa CCM, alikuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama cha mpinzani wake, Zitto Kabwe. Mwaka 2015 waliingia kwenye uchaguzi uleule kwa chama kimoja, huyu akitafuta udiwani, yule ubunge, na wote wakapata. Zitto naye, kabla ya zambarau ya ACT, alivaa magwanda ya CHADEMA: mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa chama hicho tangu 2005 mpaka alipoondoka Machi 2015 baada ya ugomvi mrefu na wakubwa wa chama chake. Halafu mashabiki wa kila upande wanaitana wasaliti. Nyani haoni kundule.

Kuhama chama, kwangu mimi, peke yake si hoja, hasa katika mji huu. Dkt. Aman Walid Kabourou alipoibeba CHADEMA hapa miaka ya tisini, akaupinga mahakamani uchaguzi mdogo wa 1994 mpaka ukafutwa, watu walimwona kama mtume. Baadaye akaenda CCM. David Kafulila alianzia CHADEMA, akawa mbunge wa Kigoma Kusini kwa NCCR-Mageuzi, akarudi CHADEMA, leo yuko CCM na ni mteule wa Rais. Lakini ni yeye aliyeng'ang'ania bungeni sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014, mpaka Mwanasheria Mkuu wa wakati huo akamwita tumbili. Kazi ile ni yake, avae kijani cha CCM au asivae.

Na sheria yenyewe inawasukuma. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama, na mbunge akipoteza uanachama anapoteza na kiti. Kafulila alipotimuliwa na NCCR Desemba 2011, ni mahakama iliyomwokolea ubunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, iliamua Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mpaka uchaguzi wa 2025, miaka kumi na mbili baadaye, mgombea binafsi hatukumwona kwenye karatasi ya kura. Kwa utaratibu huo chama kinakuwa boti ya kuvukia: likiharibika, au nahodha akikushusha, unatafuta jingine.

Lakini sisemi yaliyopita yazikwe. Kuna mahali yanauma kwelikweli. Mwaka 2007 pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, CHADEMA ilimtaja Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, kwenye orodha ya mafisadi. 2015 ikampa bendera yake agombee urais, na Dkt. Slaa, katibu mkuu wake aliyeisoma orodha ile, akajiweka kando. CCM iliyotuambia 2015 kwamba mtu huyo hafai ikampokea Machi 2019 kwa nderemo, amerudi nyumbani. Hapo wa kubanwa ni vyama: mlitudanganya lini, siku ile au siku hii? Sikumbuki kusikia jibu la maana kutoka upande wowote.

Kuna na uchafu mwingine ambao sisi wa Kigoma tunaujua kuliko wengine. Hoja ya chama ikiisha, watu wanahamia kwenye damu. Bibi yake alivuka Malagarasi. Baba yake ni wa ng'ambo ya ziwa. Mkoa huu una Waha wenye ndugu Burundi na Wamanyema ambao wazee wao walitoka Kongo wakaijenga Ujiji vizazi vingi nyuma. Ukianza kuchambua mababu, nani atabaki wa kupiga kura? Anayetumia silaha hiyo jukwaani simpi kura, awe wa rangi yoyote.

Turudi kwa hawa wawili, maana hapa ndipo ninapoona tunapoteza bahati. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Kwa hiyo baada ya 2015 Zitto na Baba Levo walikuwa wajumbe wa baraza moja la Manispaa ya Kigoma Ujiji, likiongozwa na chama chao. Kipindi hichohicho ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wa 2016/17 uliipa manispaa yetu hati chafu, na Aprili 2018 Rais Magufuli akaagiza wakurugenzi wa Kigoma Ujiji na Pangani wasimamishwe. Mkurugenzi si mtu wa madiwani, anateuliwa na Rais, na utetezi huo naukubali kwa kiasi. Kiasi tu, kwa sababu baraza ndilo linalopitia mapato na matumizi.

Sasa hapo ndipo pa kuuliza. Hesabu zile zilipoletwa mezani, nani alinyanyua mkono? Nani alihoji, nani alinyamaza, nani hakuhudhuria? Mihutasari ya vikao ipo manispaa. Ya bungeni iko kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, hata kwenye tovuti ya Bunge unaisoma. Na zaidi ya karatasi, tuna mashahidi wawili hai ambao kila mmoja anajua mwenzake alifanya nini chumba kile. Urafiki wao wa zamani wanaouonea aibu ndio ungetufaa sisi zaidi.

Ila kwenye mikutano ya siku hizi msanii anapewa saa nzima, mgombea nusu saa, na mwananchi kipaza sauti hakimfikii. Kura zilipigwa tarehe 29 Oktoba 2025. Mwenye njia ya kuwakalisha meza moja hata sasa, iwe redio ya hapa mjini, wazee wa Ujiji au wafanyabiashara wa Mwanga, aseme. Maswali ya kuanzia ninayo.