Kamera ya mayai

Mayai yalikuwa yanapotea. Watetea sita, wote wanataga, lakini mke wangu akienda bandani mchana anakuta nyasi tu, tena zenye joto. Yeye alimshuku mtoto wa jirani. Mimi hapa Tabata najulikana kama fundi kompyuta, nikamwambia asimsingizie mtoto wa watu, nitafunga kamera.

Ya dukani sikuitaka. Fundi mzima ninunue kamera? Kabatini nilikuwa na Raspberry Pi Zero W, kikompyuta cha urefu wa kidole na upana wa vidole viwili. Utepe wa kamera ya kawaida, ule waya wake bapa, ukagoma kuingia, maana tundu la Zero ni jembamba zaidi. Nikarudi Kariakoo kutafuta utepe wake, nikauchomeka kinyumenyume, kikompyuta kikaapa hakijaona kamera yoyote. Nikaugeuza. Kikakubali. Vyote nikavitia kwenye kopo la Blue Band lililotobolewa jicho, nikalifunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, likitazama banda.

Programu yake inaitwa Motion. Inalinganisha picha na picha, na nukta zilizobadilika zikizidi 1500 inahesabu kuna mtu. Mimi nikashusha hadi 300. Nilitaka hata panya asipite bila kuandikishwa.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye kutuma picha. Nilishawahi kutengeneza boti ya Telegram, yaani programu inayotuma ujumbe yenyewe, kwa ajili ya kamati ya harusi ya binamu yangu, ya kukumbusha wadaiwa wa michango kila Jumamosi saa 10 jioni. Kwa uvivu nikachukua mistari ileile, nikaiunganisha na kamera. Namba ya kundi sikuibadilisha.

Jumamosi hiyo kamati ilikuwa na kikao saa 8 mchana. Asubuhi nilishaaga: "Wajumbe, niko Morogoro msibani, kafariki mzee wa rafiki yangu." Mzee mwenyewe ni mzima, Mungu anisamehe. Nikazima sauti ya simu, nikalala.

Kumbe mke wangu kafua kanga. Upepo ukavuma.

Nilipoamka nilikuta kamati imepokea picha mia na arobaini za kanga moja, kila moja na tarehe na saa pembeni. Mjumbe mmoja alikuwa ameuliza kama hiyo ndiyo sare ya harusi. Wengine wawili walishaipenda.

Katikati ya kanga, mwizi alionekana. Kunguru! Wale wa Dar wenye shingo ya kijivu: picha ya kwanza yuko mlangoni pa banda, ya pili ana yai mdomoni, ya tatu kanga. Wajumbe wakashangilia kama wako uwanjani.

Halafu nikajiona mimi. Saa 9:07 alasiri nilikuwa nimeshtuliwa na kelele za kuku, nikatoka na taulo na fagio la chelewa, kisha nikarudi kulala. Picha kumi na moja. Kwenye ya nane taulo lilikuwa limeanza safari yake peke yake. Ya tisa sitaki kuizungumzia.

Nikakimbia uani kuchomoa waya. Kabla sijafika, saa 10 kamili, boti ikatimiza wajibu wake: orodha ya wadaiwa, kwa alfabeti. Mimi naitwa Abdallah.

Nikalishika kopo kwa mikono miwili, nikainama kutafuta waya, nalo likanipiga picha ya mwisho: tundu mbili za pua na jicho moja, skrini nzima.

Kundi likanyamaza. Kisha mwenyekiti, ambaye ni mama yangu mkubwa, akatuma ujumbe wa sauti, taratibu, kama anayenibembeleza nile:

"Abdallah mwanangu, sasa tumekuona vizuri. Pole na msiba. Hao kunguru wa Morogoro wakishashiba, tuma laki mbili."