Lita tano kila siku za nini jamani?

Grupu letu la WhatsApp la mtaa limeingiliwa na chalenji ya kunywa lita tano za maji kwa siku, kila asubuhi mtu anapiga picha dumu lake anatuma, usipotuma unaulizwa kama vile una deni la kikoba. Mimi nimegoma, na sababu yangu ni kwamba watu wanahesabu maji tu, chumvi hawaikumbuki kabisa.

Mwanaume wa kilo 70 ana maji mwilini kama lita 42. Sasa usidhani yote yanazunguka kwenye damu, wapi! Theluthi mbili yamejifungia ndani ya seli, yanayobaki ndo yako nje, na ya kwenye damu ni lita tatu hivi. Anayepanga nani akae wapi ni chumvi: sodiamu (ile ya chumvi ya mezani) nyingi iko nje ya seli, potasiamu, madini mengine, ndani, maji yanafuata palipokolea. Ukijishindilia maji mengi kwa mkupuo, huko nje panazimuka, maji yanahamia ndani ya seli nazo zinavimba, na ubongo uko ndani ya fuvu, utavimbia wapi? Ndo kichwa kinagonga, kichefuchefu, ikizidi degedege. Mbio za marathoni za Boston, Marekani, za 2002 walipima damu za wakimbiaji 488, asilimia 13 sodiamu ilikuwa imeshuka, na walioongoza kwa hatari ni wale waliokunywa mpaka wakamaliza mbio wameongezeka uzito.

Sisemi utakufa na dumu lako. Figo nzima zinachuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, wewe unaona lita moja au mbili tu za mkojo, ukizidisha taratibu zinamwaga, utashinda chooni basi.

Ila huyu fundi aliyenipigia bati mwezi wa pili, jua la Dar mnalijua, alishuka saa saba fulana yake nyeusi ina ramani nyeupe mgongoni kama mtu kamfutia chaki. Ile ni chumvi yake. Akakaa chini, ugali na dagaa wakavu, akashushia maji. Nikamtania kwamba dagaa wake wanajua fiziolojia kuliko admini wetu. (Dafu nalo tamu, ila lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, kwa jasho la namna ile halitoshi peke yake.)

Kilichoniudhi hasa ni juzi, mtoto wa jirani anaharisha, grupu zima linashauri “mpe maji mengi”. Maji matupu! Nikaandika: pakiti ya ORS, ikikosekana basi lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, usizidishe, na akilegea kimbieni zahanati. Sukari hapo siyo ya utamu, ndo inayoivuta sodiamu ipenye ukuta wa utumbo iingie mwilini, maji yanafuata nyuma.

Nikapata dole gumba mbili, halafu picha ya dumu.