Mont Blanc: ifungwe njia siku ya hatari, usifungwe mlima kwa pesa

Agosti 2022 meya wa Saint-Gervais-les-Bains, mji mdogo wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, alitangaza kwamba kila anayetaka kupanda mlima huo kwa njia ya kawaida aweke kwanza dhamana ya yuro 15,000. Kati ya hizo, 10,000 ni za kumwokoa akikwama, na 5,000 ni za kumzika akifa. Meya huyo, Jean-Marc Peillex, alikuwa amechoka. Joto la mwaka ule lilipita kiasi, mawe yalikuwa yakiporomoka mchana kutwa, waongozaji wa Chamonix, mji jirani, walikuwa wamesimamisha safari zao, na bado kuna watu waliokuwa wakipanda. Upande wa pili wa mlima, nchini Italia, meya wa Courmayeur, Roberto Rota, alimjibu kwamba mlima si mali ya mtu, na kwamba kumdai mtu dhamana ili afike kileleni ni jambo lisiloingia akilini.

Dhamana ile haikuwahi kuwa sheria. Swali lililoizaa lipo palepale: je, mtu ana haki ya kuhatarisha roho yake mlimani bila kuomba ruhusa, ilhali wengine ndio watakaokwenda kumtoa? Nimelibeba swali hili muda mrefu. Nimekulia Moshi, ambako hakuna anayekwenda Kibo bila kulipa getini na bila mwongozaji. Sasa naishi Lyon, mwendo wa saa chache kutoka Chamonix, ambako mtu hujifunga kamba kiunoni akaenda zake.

Julai 2019 nilipanda hadi Tête Rousse, kibanda kilichoko mita 3,167. Mpaka hapo hakuhitajiki ufundi wa kamba. Unashuka kwenye treni kituo cha Nid d'Aigle, mita 2,372, kisha unatembea juu ya mawe kwa saa mbili na nusu hivi. Nilikaa nje ya kibanda na kikombe cha chai nikilitazama Korongo la Goûter, ambalo kila anayepita njia hii hana budi kulikatisha kabla ya kuparamia mwamba kwenda kibanda cha juu, kilichoko mita 3,835. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, jua limeshaupata ukuta. Kitu cha kwanza ni sauti: mlio mkavu, kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Halafu vumbi. Halafu unaliona jiwe lenye ukubwa wa jiko la mkaa likidunda kutoka upande huu wa korongo hadi upande ule. Watu wanne walikuwa wamejibanza ukingoni. Mmoja alisimama muda mrefu uso ameuelekeza juu, kisha akatoka mbio, kama yanaweza kuitwa mbio yale ya mtu aliyevaa viatu vizito vilivyofungwa meno ya chuma. Akavuka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na kila aliyefika ng'ambo ndipo nami nilipopumua.

Kati ya vibanda hivyo viwili, kuanzia 1990 hadi 2017, walikufa watu 102 na 230 wakajeruhiwa. Wengine waliteleza kwenye mwamba, wengine walipigwa na mawe korongoni. Mawe hayo hayaporomoki bila sababu. Ukuta ule umeshikamanishwa na barafu iliyojaa kwenye nyufa zake, kama tofali zinavyoshikwa na saruji, na barafu hiyo ikiyeyuka jiwe linabaki halina kinacholishika. Zamani usiku ulikuwa ukirudisha kilichoyeyuka mchana. Tarehe 25 Julai 2022 puto la wapimaji wa hali ya hewa wa Uswisi lililazimika kupanda hadi mita 5,184 angani kabla ya kukuta nyuzi sifuri. Mont Blanc ina takriban mita 4,806. Maana yake ni kwamba siku ile hata kileleni palikuwa na joto la kuyeyusha.

Kwa hiyo wanaotaka masharti makali wana hoja, tena nzito. Njia hii huitwa ya kawaida, na jina hilo limewaponza wengi. Watu wanaijia kama safari ya matembezi. Juni 2019 Waswisi wawili walitua na ndege ndogo mlimani, wakakaribia kilele kwa miguu. Agosti mwaka huohuo Mwingereza mmoja alibeba mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, ikamshinda, akaiacha njiani. Nyuma ya visa hivi wapo askari wa uokoaji wa milimani, wenye watoto nyumbani, ambao helikopta yao huwashusha palepale mawe yanapopita. Anayesema roho yake ni yake asiwasahau hao, na asimsahau anayepanda chini yake, maana jiwe analolisukuma kwa mguu halichagui kichwa.

Upande wa pili nao husimuliwa vibaya mara nyingi, kana kwamba ni ubishi wa watu wanaopenda kifo. Sivyo. Mwaka 2019 upandaji milima wa Alps uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, kwa ombi la Ufaransa, Italia na Uswisi. Kinachoitwa urithi hapo ni ujuzi wa kusoma theluji na mwamba, kukadiria nguvu zako na za uliyefungana naye kamba moja, na kugeuza ukiwa umebakiza hatua chache. Ujuzi huo haufundishiki kwa mtu ambaye kila uamuzi anafanyiwa na mwingine. Chamonix yenyewe imejengwa juu yake: Jacques Balmat, mwindaji na mtafuta mawe ya thamani, na daktari Michel Paccard walifika kileleni tarehe 8 Agosti 1786 bila ruhusa ya yeyote, na miaka 22 baadaye akafika Marie Paradis, mwanamke wa kijiji hichohicho.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda dhamana hulipita haraka mno. Uokoaji wa milimani Ufaransa ni bure, na ubure huo ulipatikana kwa uchungu. Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, walikwama kwenye Mont Blanc. Walionekana wakiwa hai, helikopta iliyotumwa ikaanguka, na baada ya siku nyingi za kusitasita juhudi zikasimamishwa, wakaachwa wakafa kwa baridi. Nchi nzima iliona aibu. Mwaka 1958 serikali ikaupanga uokoaji wa milimani kuwa kazi ya dola. Uswisi ilichagua njia nyingine: anayeokolewa hulipa, yeye au bima yake, na mfumo wao unafanya kazi. Ila mtu anayefikiria bili husita kupiga simu. Anasubiri kidogo, labda mguu utatulia, labda ukungu utaondoka, na mlimani kusubiri kidogo ndiko kunakoua. Tena huwalazimu waokoaji kuruka usiku badala ya mchana. Ukimwambia mtu 10,000 zake zimeshikwa mpaka ashuke salama, umemfundisha kuficha matatizo.

Tuje kwetu, kwa sababu ndugu zangu wa Moshi huniuliza mbona Wafaransa hawaigi utaratibu wa Kilimanjaro. Ni swali la haki. Kibo ina mita 5,895, ni hifadhi ya taifa tangu 1973, na mwongozaji ni lazima. Lakini tazama tofauti. Kwenye njia za Marangu au Machame mwongozaji anaongoza kundi zima, kwa sababu adui ni hewa nyembamba na kinachohitajika ni jicho la kumwona mtu anayeanza kuyumba, na wapagazi wa kumshusha. Kwenye njia ya Goûter, yaani ile ya kawaida ya Mont Blanc, mwongozaji amefungana kamba na wateja wake, na hachukui zaidi ya wawili. Ukiwalazimisha wote kuwa na mwongozaji, safari inagharimu zaidi ya yuro elfu moja kwa mtu, na mlima unakuwa wa wenye nazo. Kwetu ulazima ule umezilisha familia nyingi, na ninautetea. Kule ungekuwa ukuta tu.

Hata kwetu, mwongozaji na kibali havikuwazuia watu wasifikwe na mawe. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach, maporomoko yaliwaua Wamarekani watatu waliokuwa na kila kitu ambacho sheria inadai: ada imelipwa, waongozaji wapo, wapagazi wapo. Mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yaliachia, kama yanavyoachia Goûter. Baada ya hapo hifadhi iliifunga njia ile kwa muda. Hapo ndipo Alps wangeweza kujifunza kwetu: siku ukuta unapomwaga mawe, asipite yeyote, awe na pesa au hana.

Ndiyo maana dhamana ya meya Peillex naiona imelenga pasipo. Inapima mfuko wa mpandaji ilhali hatari imo kwenye hali ya ukuta. Yuro 15,000 hazimzuii tajiri asiyejua kufunga meno ya chuma, bali zinamzuia fundi seremala wa Krakow au Turin aliyejifunza kupanda tangu utotoni. Wala hazimsaidii mtu aliyefanya kila kitu sawasawa. Tarehe 3 Julai 2022, kwenye mlima Marmolada wa Italia, kipande cha barafu kilimeguka mchana kikawaua watu 11 waliokuwa kwenye njia ya kawaida. Kipande kile kilimeguka kwa sababu ya joto.

Lililofanya kazi zaidi ni hatua nyingine mbili, ambazo hazikupigiwa kelele. Tangu 2019 huruhusiwi kuifuata njia ya Goûter ukitaka kulala huko kama hujaweka nafasi ya kitanda kwa jina lako. Kibanda cha juu kina vitanda 120, basi msongamano una kikomo, na anayelazwa ndani hafi kwa baridi kwenye hema. Nilipofika Tête Rousse mkaguzi alikuwa akipita akiyalinganisha majina. Watu walinung'unika, lakini walionyesha karatasi zao. Hatua ya pili ni ya Agosti 2022: Saint-Gervais ilivifunga vibanda vyenyewe, Tête Rousse na Goûter, mpaka ukuta utulie.

Kufunga nako kuna kasoro. Kibanda kikifungwa, mwenye kiburi huweza kujaribu kwenda na kurudi siku moja, akalipita korongo mara mbili, ya pili akiwa hoi. Wengine huhamia upande wa Chamonix, wakapanda gari la kamba hadi Aiguille du Midi na kuushambulia mlima kwa njia yenye barafu inayoning'inia. Kwa hiyo mji mmoja kufunga peke yake hakutoshi. Amri itoke kwa mkuu wa mkoa wa Haute-Savoie baada ya kuwasikiliza waongozaji na waokoaji, ihusu njia iliyotajwa kwa siku zilizotajwa, ibandikwe kwenye kituo cha treni na cha gari la kamba, na Courmayeur ijulishwe saa hiyohiyo. Ikiisha hatari, ifutwe. Mlima ubaki hauna geti, na helikopta ibaki ya bure.

Siku ile, kabla sijashuka kuiwahi treni ya mwisho, mwongozaji mmoja mwenye mvi alitoka nje ya kibanda na wateja wake wawili, wamejifunga tayari. Alisimama akilisikiliza korongo kwa muda bila kusema neno. Kisha akavua kofia yake ngumu, akaanza kuifungua kamba, akawaambia wakalale. Atawaamsha saa tisa usiku, na kama nje hapatakuwa pameganda, watarudi nyumbani.