Mpira wa pete wa vijana wa Kimaori, na wazazi tunaowakosa viwanjani nyumbani

Watanzania tunaoishi New Zealand tukiulizwa na ndugu zetu ni jambo gani la huku tungependa lifike nyumbani, wengi hutaja barabara, hospitali na mishahara. Mimi ningetaja mashindano ya mpira wa pete ya vijana wa Kimaori (Wamaori ni wenyeji wa asili wa New Zealand), ambayo mwaka huu binti yangu mwenye umri wa miaka 14 alishiriki mjini Rotorua akiichezea timu ya watu wa baba yake, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo mchezo wa wasichana huchukuliwa kuwa shughuli ya ukoo mzima.

Ubora wa mchezo wenyewe si hoja yangu. Ni kweli kwamba New Zealand ilitwaa Kombe la Dunia mjini Liverpool mwaka 2019 kwa kuishinda Australia 52–51, ikifundishwa na Noeline Taurua, ambaye ni Mmaori, na kwamba kabla yake Waimarama Taumaunu, naye Mmaori, alikuwa nahodha wa timu hiyo na baadaye kocha wake. Lakini Afrika Mashariki nasi hatuko nyuma: katika Kombe la Dunia la mwaka 2023, lililochezwa Cape Town, New Zealand ilimaliza ya nne na Uganda ya tano. Tunachokosa sisi kiko nje ya mistari ya uwanja.

Jioni ya kwanza timu zilikaribishwa katika marae, yaani kiwanja na nyumba kuu ya ukoo, kwa hotuba za wazee, nyimbo na sala. Kila msichana alisimama akajitambulisha kwa desturi yao, ambayo humtaka mtu ataje mlima, mto na watu wake kabla ya jina lake. Binti yangu alitaja mlima Hikurangi na mto Waiapu wa upande wa baba, kisha, bila kuagizwa na mtu, akaongeza Uluguru, mlima wa kwetu Morogoro, na mzee aliyeongoza shughuli akamwomba autaje tena polepole ili watu wote waushike. Sisi Waluguru ukoo huufuata upande wa mama, kwa hiyo kwa wajomba zake kule Matombo mtoto huyu ni wao kabisa. Kumsikia akiutaja Uluguru mbele ya mabibi wa Kimaori kulinitoa machozi.

Uwanjani alicheza nafasi ya GD, yaani mlinzi wa goli, akakabidhiwa mfungaji aliyemzidi kimo, na katika mechi ya kwanza mwamuzi alimpigia filimbi mara kwa mara kwa kuingia ndani ya zile sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira ambazo mlinzi hapaswi kuzivuka. Alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Aliyemfuata alikuwa shangazi yake, ambaye naye alikuwa mlinzi katika ujana wake. Alimsimamisha pembeni, akamwonyesha namna ya kupima umbali kabla ya kuinua mikono, huku bibi yake, aliyekuwa amempakata kitukuu mchanga, akikazia kila neno. Mechi zilizofuata filimbi zilipungua. Timu yao haikufika fainali, lakini iliwaimbia washindi, washindi wakajibu kwa haka, ngoma ya Kimaori ya kupiga miguu na vifua, na wote wakala pamoja. Usiku wachezaji, mama zao na wadogo zao walilala katika nyumba hiyo kuu, magodoro yakiwa yamepangwa kando ya kuta, na sigara na pombe havikuruhusiwa.

Mimi nami nilicheza mpira wa pete nilipokuwa sekondari, hadi ngazi ya mkoa, nikiwa C, yaani mchezaji wa katikati, kwenye uwanja wa mchanga. Hapakuwa na mzazi hata mmoja aliyekuja kututazama, wala hatukutarajia aje, kwa kuwa mchezo ulihesabiwa kuwa jambo la walimu, na mzazi ambaye angeacha shamba ili akamtazame binti akirusha mpira angeonekana hana kazi. Nilipomaliza kidato cha nne, mchezo nao uliishia hapo, kama ilivyokuwa kwa wenzangu karibu wote. Sidhani kwamba tulikosa kipaji. Tulikosa mtu wa nyumbani ambaye angesikitika tukiacha.

Wamaori hawakuyapata haya kwa urahisi. Mababu wa binti yangu walichapwa shuleni kwa kusema lugha yao, na lugha hiyo ikawa rasmi kwa sheria mwaka 1987 tu. Ninapoona vijana wakihimizwa kuitumia uwanjani, nawakumbuka wanafunzi wa kwetu wanaovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, na ninaona aibu kwamba adhabu hiyo bado inatetewa.

Hata hivyo sitaki tuanzishe mashindano ya makabila. Kwa Wamaori, ambao ni wachache katika nchi yao, kukutana peke yao ni njia ya kujihifadhi. Kwetu timu ya Waluguru dhidi ya timu ya Wahaya ingefungua mlango tuliojitahidi sana kuufunga. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, humlaza msichana wa Kagera na wa Mtwara katika bweni moja, na shemeji zangu wa Kimaori waliposimuliwa hilo walivutiwa nalo mno. Ninachotaka ni ndugu wa wachezaji wawe pale.

Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa michezo Morogoro, ananijibu kwamba mzazi wa kijijini hawezi kumudu nauli ya kwenda kutazama mashindano ya taifa, na jibu lake ni la haki. Lakini kabla ya taifa kuna mkoa na wilaya, na kabla ya hapo kuna kata, ambako wazazi wengi wanaweza kufika kwa miguu. Nimemwomba katika mashindano yajayo ya kata awapelekee wazazi barua ya mwaliko, apange viti vya wazee kivulini, na awaombe kina mama waliowahi kucheza wasimame pembeni kuwaelekeza mabinti. Amekubali kuanza na hao kina mama.