Kikohozi cha Shangazi Kilikuwa na Pointi 17

Juzi msibani nimeyasikia tena: "Oparesheni ilienda vizuri, ila mapafu ndiyo yakakataa." Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilitoka nje, maana maneno hayo hayo tuliambiwa sisi mwaka jana, na yananiumiza mpaka leo.

Shangazi alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Haikuwa dharura, alipangiwa tarehe, akasuka nywele kabisa. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alishikwa na homa na kikohozi, akanywa amoksilini za duka la dawa. Asubuhi ya upasuaji nesi alimbana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 94, akaandika kwenye faili na kusogea kitanda cha pili. Tuliulizwa habari za bima na nani atasaini fomu. Kikohozi hakuna aliyekiuliza.

Siku ya tatu nimonia. Siku ya nne ICU.

Tangu 2010 ipo hesabu ya kukadiria hatari ya matatizo ya mapafu baada ya upasuaji, inaitwa ARISCAT, iliyotokana na wagonjwa 2,464 wa hospitali 59 za Catalonia, Hispania. Inataka mambo saba tu: umri, oksijeni, wingi wa damu, maambukizi ya njia ya hewa mwezi uliopita, sehemu inayopasuliwa, oparesheni itachukua muda gani, na kama ni dharura. Nilikaa na kalamu nikamhesabia Shangazi. Miaka 63, pointi 3. Oksijeni 94, pointi 8. Kupasuliwa tumbo la juu, 15. Saa mbili na nusu mezani, 16. Damu ilimtosha. Jumla 42, kundi la kati. Kwenye utafiti ule, watu kama 13 katika kila 100 wa kundi hilo walipata matatizo ya mapafu.

Sasa weka kikohozi chenye homa na antibayotiki: 17. Inafika 59. Kuanzia 45 ni hatari kubwa, watu 42 katika kila 100. Na waliopata matatizo hayo, karibu mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku 30.

Umri haurudishwi nyuma, na nyongo haihamishwi. Lakini kikohozi kinasubiriwa kiishe! Mawe yale yalikuwa yamekaa tumboni miaka. Yangekaa na mwezi mmoja zaidi.

Najua hesabu ile ni ya Ulaya, na najua wagonjwa wetu wengi wanafikishwa wakiwa hoi, hakuna cha kuahirisha. Haya. Wala haimtabirii mtu mmoja mmoja. Wenye pointi nyingi nao hutoka wakitembea. Ila ukishamjua aliye hatarini, unamwandaa. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2018 ulionyesha kwamba nusu saa na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji wa tumbo la juu, akimfundisha mgonjwa kupumua, ilipunguza matatizo ya mapafu kwa nusu.

Nilimwona Shangazi baada ya oparesheni. Alikuwa anavuta hewa kidogo kidogo kama anayeonja uji wa moto, mkono juu ya kidonda, kila kikohozi anakimeza kwa kuogopa maumivu. Makohozi yakabaki chini, mapafu yakasinyaa. Huko ICU ndipo alipokuja kijana mmoja na mto. "Mama, ukumbatie. Vuta pumzi mpaka chini, ishikilie. Haya, kohoa." Akakohoa, machozi yakamtoka, na kipimo kikaanza kupanda mbele ya macho yetu. Mto ule ulikuwepo wodini siku zote.

Alipona, namshukuru Mungu. Siku tunamrudisha nyumbani nilimsimulia zile pointi zote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hawakuniuliza? Si ningewaambia?"