Fundi Alisema Kushoto

Mwenye Land Rover 110 hapa Mbeya ana marafiki wawili wa kudumu: fundi wake na kijana wa kituo cha mafuta. Mwaka ule niliamua kupunguza urafiki na huyu wa pili.

Wazo lilitoka kwa mjomba. Yeye aliendesha zile Land Rover za zamani za springi za bapa, ambazo siku zote zinasukumwa na tairi za nyuma mpaka ubonyeze kirungu cha njano, ndipo za mbele nazo ziamke. Akaizunguka ya kwangu kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Hii tairi zake nne zinakula muda wote," akasema. "Hata ukienda Mwanjelwa kununua mchicha. Sasa mchicha na fowili wapi na wapi?"

Hapo hakukosea. One Ten tangu ilipotoka mwaka 1983, ukiacha chache za mwanzo, ni fowili ya kudumu. Ndani ya transifa, ile giaboksi ndogo iliyo nyuma ya giaboksi kubwa, mna difu ya tatu, ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma ili gari likikata kona tairi za mbele zipite njia yake ndefu bila kuvutana na za nyuma. Ukitaka kuibadili kiheshima, unaitoa difu hiyo matumbo na kuweka shafti ngumu mahali pake, halafu kwenye tairi za mbele unafunga frii habu, ili usipozihitaji ziviringike tu bila kuburuta vyuma vyote vya mbele. Vifaa hivyo vinaagizwa nje. Nilipotajiwa bei niliomba maji ya kunywa.

"Bosi, ipo njia ya kienyeji," fundi akanipoza. "Tunatoa propela ya mbele tu, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu mbele. Boliti nane. Halafu unatembea na difuloki muda wote."

"Kwa nini na loki?"

"Kwa sababu difu ni mvivu kama mtu. Ukimpa njia mbili, moja ina mzigo na nyingine haina, ataenda kusikokuwa na mzigo. Mbele hakuna propela, basi nguvu yote itaishia huko kuzungusha hewa na gari haliendi. Ukiweka loki unamlazimisha kwenda nyuma. Hii gia fupi ya transifa, kushoto. Siku zote kushoto."

Alirudia mara tatu. Mara zote tatu mimi nilikuwa nambembeleza apunguze elfu tano. Alipoona simsikilizi, na kwa kuwa taa ya difuloki ilikufa siku nyingi, akachukua chaki akaandika kwenye dashibodi kwa herufi kubwa: KUSHOTO. Propela akaivingirisha kwenye gunia pamoja na boliti na nati zake, akaisukuma nyuma ya kiti cha dereva. "Usiiache hapa gereji. Chuma kikilala chini siku tatu kinaitwa skrepa."

Nikaenda Tukuyu na kurudi. Usukani ulikuwa mwepesi, na mimi nilijisikia mwepesi zaidi. Usiku nikakaa na daftari, nikapiga hesabu za mafuta niliyookoa. Zilikuja kama chupa moja ya soda, ile ndogo. Lakini kijiweni nilitangaza galoni, maana mtu huwezi kutoa propela nzima halafu uje na soda.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akamaliza kutulelea uzazi. Alikuwa kwetu miezi miwili, na ilipasa nimrudishe kwake Kikondo, kule juu ukishapita Isyonje, njia ya Kitulo. Kwa heshima yake niliosha gari mwenyewe, nje na ndani. Dashibodi niliisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa.

Ndiyo, na ile chaki.

Tukaondoka asubuhi: mimi, shemeji yangu mdogo mbele, mama nyuma yangu na beseni lake jipya lililojaa sukari, sabuni na vitenge. Uyole akauliza, "Mkwe, hiki chuma ninachokanyaga ni cha nini?"

"Cha akiba, mama."

"Haya. Kinanisaidia, miguu haifiki chini."

Mpaka Isyonje ni lami, na mimi nilikuwa naendesha kama waziri. Pale tukaacha lami. Ilikuwa Machi, na siku hizo njia yetu ilikuwa udongo mtupu. Udongo wa Uporoto ni mweusi, unaotesha viazi vizuri sana, na ukilowa unateleza kama umepakwa mlenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kofia. Kwenye kilima cha kwanza nyuma ikaanza kucheza. Gari likawa linatembea kiubavu kama kaa. Shemeji akanitazama. Nikamwambia ni kawaida.

Kilima cha pili likasimama, tairi za nyuma zikichimba. Nikasema ngoja nitie gia ndogo, ile ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi. Nikashika ile gia fupi, nikajaribu kuihamisha, ikagoma, nikaigombeza, ikakubali. Kulia au kushoto? Ndugu yangu, katika hali ile mtu hakumbuki hata mkono anaolia. Iliingia mahali ikatulia, mimi nikashukuru.

Nikaachia klachi. Kimya. Yaani injini inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini tairi hata moja haigeuki. Nikaongeza mafuta, chini ya sakafu kitu kikawa kinavuma kwa furaha, gari likabaki vile vile, miguu tu juu ya breki. Nikajua basi, giaboksi imekufa, na imekufa mbele ya mkwe.

Nikafanya kama nilivyofanya miaka yote: nikavuta hendibreki, nikatia gia namba moja, nikazima, nikashuka kuchungulia chini. Sasa hendibreki ya Land Rover hizi haikai kwenye tairi, inabana kidramu nyuma ya transifa, na siili ya pale ilikuwa inavuja tangu krismasi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa oili kama maandazi. Kilichokuwa kinashika gari siku zote ni gia, na gia nayo siku hiyo, bila loki, ilikuwa imeshikana na hewa.

"Shemeji, weka jiwe nyuma ya tairi!" Akakimbia, akarudi na jiwe kubwa amelibeba kwa mkono mmoja. Hapo tu ningeshtuka. Mawe ya huko mengi ni yale mepesi ya volkano, ya kusugulia visigino. Tairi lililigusa, likasagika, krrr, likawa unga.

Likaondoka taratibu, kinyumenyume, bila hasira. Dirisha la nyuma lilipita mbele ya uso wangu nikamwona mama ametulia, amekumbatia beseni. Alifikiri tumeamua kugeuza. Akanipungia mkono.

"Mama, ruka!" shemeji akapiga kelele.

"Niruke na sukari?"

Tukalikimbilia. Mimi nilianguka mara mbili, ya pili nikashuka kwa tumbo na kulipita gari lenyewe. Mungu ni mwema, kona ilikuwa upande wa shamba. Likaacha barabara, likapanda tuta la kwanza la viazi, la pili, la tatu, na tuta la nne likalipokea kama mto wa kulalia. Mlango ukafunguka. Mama akateremsha mguu mmoja, akaangalia matope, akaurudisha ndani.

"Mbombo ngafu," akasema. Kwa wasiojua, kwa Kinyakyusa ni kwamba kazi ni ngumu.

Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Nikampigia fundi, nikamweleza kifo cha giaboksi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bosi, gia fupi iko wapi?"

Nikashuka kichuguuni kwenda kuangalia, nikapanda tena. "Kulia."

"Nilikuandikia."

"Nilifuta."

Akakata simu. Nafikiri alikuwa anacheka, ila inawezekana ni mtandao.

Nikaiweka kushoto. Tairi za nyuma zikageuka papo hapo, zikaanza kutuvunia viazi. Kutoka zilikataa kabisa. Mwenye shamba alikuwa ameshafika, mzee wa koti refu, akasalimiana na mama habari za watu wote wa kijiji mmoja mmoja, kisha akatuuliza mimi na shemeji kama nguvu za mbele za gari hili zimekwenda wapi.

"Tulizitoa," nikasema. "Kuokoa mafuta."

"Mkaziweka wapi?"

Hapo mama akainua miguu yake. "Mkwe, au ndicho hiki? Nimekikanyaga tangu mjini."

Tulilala chini ya gari saa nzima. Spana zangu ni za milimita na nati zile ni za inchi: ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Mzee akakata kipande cha kopo, tukakipachika kati, ikashika. Mama akaweka beseni la sukari pembeni, akawa mwenye stoo: ukidondosha boliti kwenye matope yeye anaipangusa kwa upindo wa kitenge na kukurudishia. Alihesabu boliti nane, nati saba.

Gia ndogo, tairi nne, na One Ten ikatoka shambani kama inatoka kanisani. Kwa matuta manne mzee hakutaka hela. Alitaka tumpandishie magunia yake mawili ya mbegu, tukayapandisha.

Baadaye nilimpelekea fundi gari afunge vizuri. Akaingia chini na tochi, akakaa, akatoa kichwa.

"Bosi, nati ya nane iko wapi?"

"Kikondo," nikamwambia. "Imepandwa. Mama anasema bado haijaota."