Naomba Beki wa Kulia Tu

Hiki ndicho kipindi kitamu kuliko vyote kwa shabiki. Ligi haijaanza, kila timu ina pointi sifuri, na msimamo umepangwa kwa alfabeti. Nimeuangalia nikakuta tuko juu ya watani zetu. Nikaupiga picha, nikamtumia jirani yangu, ambaye ni wa upande ule. Akajibu, "Furahia kaka, kipyenga kikilia ndiyo basi tena." Nikamwacha hivyo hivyo. Aliye juu kwenye msimamo habishani na walio chini.

Mwaka huu mimi sina makuu. Kombe siombi, kombe waombe wenye hela zao. Naomba beki wa kulia. Mmoja tu, mzima wa mwili, mwenye magoti mawili yanayofanya kazi na anayejua kwamba kabla ya mambo yote ameajiriwa kukaba. Sisemi tuletewe Cafu, yule beki wa kulia wa Brazil aliyecheza fainali tatu mfululizo za Kombe la Dunia, 1994, 1998 na 2002. Wa kwetu akimaliza dakika 90 bila kuzua balaa tutamwekea sanamu.

Huyu tuliye naye kupanda anajua, kwa hilo simsingizii. Anapanda mpaka unadhani ana miadi na kibendera cha kona. Kasheshe ni kurudi. Mpira ukipotea anasimama pale pale, mikono kiunoni, anamkodolea macho kiungo mkabaji kana kwamba ndiye aliyemtuma. Nyuma yake pamebaki uchochoro. Mawinga wote wa ligi wanaujua uchochoro ule. Msimu uliopita hata timu za mkiani zilikuwa zinapita hapo zikipiga soga.

Sasa dirisha la usajili lilipofunguliwa nikajua dawa imepatikana. Wakasajili winga. Sawa. Wakasajili winga mwingine. Haya. Wakaongeza kiungo mshambuliaji, tunao tayari wa kumwaga, wote wanataka kucheza namba kumi na wote wanataka kupiga frikiki. Nikasema moyoni, viongozi wanatuchezea tu akili, mwenyewe anakuja mwisho.

Usiku mmoja klabu ikarusha video ya utambulisho. Taa zimezimwa, moshi, ngoma za kutisha, jamaa anatembea kwenye korido ametupa mgongo. Mgongo mpana! Nikashika kifua. Huyu ndiye, mgongo wa beki huu. Akageuka taratibu. Winga. Kashika skafu, anasema tangu utotoni alikuwa anaota kuichezea klabu hii. Klabu aliyotoka nayo alisema aliiota. Na ile ya kabla yake. Yaani yeye kila akilala, wakala wake yuko macho.

Zikaja mechi za kirafiki. Ya kwanza tukashinda saba bila. Dhidi ya nani, tusiingie huko. Watu wakaanza kupiga hesabu za ubingwa, straika wetu katupia manne, kila mtu anamwita mtambo wa mabao. Mimi namjua yule mtambo. Unawaka vizuri sana kwenye mechi zisizo na pointi, ligi ikianza unasubiri fundi. Mechi ya pili kiungo wetu tegemeo akashika nyuma ya paja, akakaa chini mwenyewe bila kuguswa na mtu. Klabu ikatoa taarifa kwamba "madaktari wanaendelea kumfuatilia". Taarifa ya namna hiyo ukiisoma, anza kumsahau. Utamwona akirudi timu ikiwa imeshatolewa kwenye kila kitu.

Ungesema basi nikate tamaa nipumzike. Haiwezekani, na wa kulaumiwa ni Leicester City. Wale jamaa wametuharibia maisha. Wamemaliza msimu mmoja wakiwa nafasi ya 14, unaofuata kampuni za kubeti zinawapa nafasi moja kwa 5,000, na 2016 wakabeba ubingwa wa Uingereza. Tangu siku hiyo shabiki wa timu mbovu hashauriki. Ukimwonyesha msimamo, anakutajia Leicester. Ukimwonyesha kikosi, Leicester. Mimi ukinibana zaidi ninao na Kaiserslautern, waliopanda daraja 1997 na mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa Ujerumani.

Jirani naye ana silaha yake. Kila nikianza habari za ukubwa wa klabu yetu na historia yake ananikatisha: "Hamburg." Wale waliweka saa uwanjani kwao kuhesabu muda wote waliokaa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, bila kushuka, tangu ligi ilipoanza 1963. Saa inahesabu mpaka sekunde. 2018 wakashuka. Akishasema hivyo anaangalia saa ya mkononi mwake, kisha ananiangalia mimi. Jirani mbaya sana yule.

Ombi la pili, kama nafasi ipo: naomba nishangilie bao. Moja tu, mwanzo hadi mwisho. Tangu ije hii VAR, waamuzi wa kukagua bao kwenye video, nimesahau kushangilia. Mpira unaingia, naruka, nikiwa bado hewani namwona mwamuzi kaweka kidole sikioni. Narudi chini polepole. Wanangu wameshazoea, mdogo ndiye hunionya, "Baba, usipige kelele kwanza." Tunakaa, wanachora mistari, wanavuta picha, wanachora tena, eti kidole cha mguu kimeotea. Kidole! Mtu mzima nimeamsha nyumba nzima, nanyamazishwa na ukucha.

Na kipa wetu mtu amwelimishe. Kuanzia 2025 sheria inasema kipa akidaka mpira akakaa nao zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi anamhesabia zile tano za mwisho kwa vidole, mkono juu, ili asije akasema hakuambiwa. Wa kwetu anaukumbatia mpira hata tukiwa nyuma mabao mawili. Ndugu yangu, aliyefungwa ni wewe! Unapoteza muda wa nani?

Ratiba imetoka juzi. Mechi ya kwanza ugenini, kwa mabingwa watetezi. Winga wao wa kushoto ndiye mwenye mbio kuliko watu wote ligini, na uchochoro anaujua. Kocha akaulizwa kwenye mkutano na waandishi, upande wa kulia vipi? Akatabasamu. Akasema dawa ipo ndani ya kikosi: yule winga mpya, mwenye mgongo mpana, amekuwa akimfundisha kucheza beki wa kulia, na anaendelea vizuri.

Winga! Mtu kaota klabu zote hizo na hajawahi kuota kukaba hata usiku mmoja. Na jezi yenye jina lake nilishanunua.

Habari zimeshamfikia jirani. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Kauliza kwa upole kabisa, hiyo mechi tunaangalia kwake au kwangu? Nimemwambia kwangu. Akianza maneno yake, angalau mlango ni wangu.